Nyambizi U-852 na Daftari Lake

Katika somo letu la historia leo tutasoma habari za nyambizi moja ya Wajerumani. Jina lake ni U-852. Nyambizi hii ilifanya safari moja tu ya vita. Ilitoka Ujerumani mwezi wa Januari 1944, na mwezi wa Mei mwaka ule ule ikafa kwenye pwani ya Somalia. Njiani ilizamisha meli mbili. Mambo yaliyotendeka kwenye meli ya kwanza yaliwafikisha watu watano mahakamani.

Tumechagua habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, vita vile vilifika mpaka Bahari ya Hindi, bahari yetu wenyewe. Pili, habari hii inahusu neno ambalo tunalisikia sana vijijini na mijini: "Mimi nilitumwa tu." Je, mtu akitumwa kutenda uovu, akautenda, hatia ni ya nani? Haya, tusome kwanza, halafu tujadiliane.

MANENO YA KUJUA KWANZA

Nyambizi: chombo cha vita kinachoweza kwenda juu ya maji na chini ya maji.

Topido: bomu refu lenye injini yake. Hutolewa kwenye nyambizi au meli, likaenda majini lenyewe mpaka ligonge meli ya adui.

Chelezo: mbao au maboya yaliyofungwa pamoja ili yaelee na kubeba watu.

Daftari la safari: kitabu ambacho nahodha huandika kila siku meli iko wapi na imefanya nini.

NYAMBIZI HUFANYAJE KAZI?

Chukua kibuyu kitupu, ukizibe, ukitupe mtoni. Kitaelea. Sasa kijaze maji. Kitazama. Nyambizi nayo ni hivyo hivyo. Ina matangi makubwa pembeni. Nahodha akitaka kuzama, matangi hufunguliwa yakaingia maji. Akitaka kuibuka, hewa yenye nguvu husukumwa ndani ya matangi, maji yakatoka.

Nyambizi za wakati ule zilikuwa na injini za namna mbili. Juu ya maji zilitumia injini za dizeli. Injini ya dizeli inahitaji hewa, kama vile jiko la mkaa linavyohitaji hewa. Kwa hiyo chini ya maji ilikuwa lazima kutumia mota za umeme wa betri. Betri zikiisha nguvu, nyambizi hulazimika kuibuka ili kuzijaza tena. Hapo ndipo hatari ilipo. Nyambizi ikiwa juu ya maji, ndege inaweza kuiona.

U-852 ilitengenezwa katika mji wa Bremen, Ujerumani. Ilianza kazi rasmi tarehe 15 Juni 1943. Urefu wake ulikuwa karibu mita 88, yaani inakaribia urefu wa uwanja wa mpira. Ilikuwa ya aina kubwa iliyotengenezwa makusudi kwa safari za mbali. Iliweza kuzunguka Afrika yote na kufika Asia bila kutia nanga bandarini. Ndani yake waliishi watu zaidi ya 60, wamebanana pamoja na mabomu, mafuta na chakula.

KWA NINI WALIKUJA HUKU?

Vita vya Pili vya Dunia vilianza mwaka 1939, vikaisha mwaka 1945. Uingereza ni kisiwa. Chakula, mafuta na silaha zake nyingi vilikuja kwa meli. Wajerumani waliona kwamba wakizizamisha meli hizo, Uingereza itakosa nguvu ya kupigana. Ndiyo sababu walitengeneza nyambizi kwa mamia.

Mwanzoni walifaulu sana. Lakini mwaka 1943 mambo yaligeuka. Uingereza na Marekani walipata ndege nyingi zaidi na vyombo bora vya kutafutia nyambizi. Basi wawindaji wakawa wawindwa. Inakadiriwa kwamba katika mabaharia wa nyambizi za Kijerumani wapatao 40,000, karibu 30,000 hawakurudi kwao.

Wajerumani wakatuma baadhi ya nyambizi zao kubwa katika Bahari ya Hindi. Walitumaini kwamba huko ulinzi ni mdogo. Wajapani nao walikuwa na nyambizi zao katika bahari hiyo. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 ilizamisha meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo tusidhani kwamba vita vile vilikuwa vya Wazungu peke yao. Vijana wetu walilala chini ya bahari hiyo.

SAFARI INAANZA

Nahodha wa U-852 aliitwa Heinz-Wilhelm Eck. Alikuwa kijana wa miaka 27. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita akiwa nahodha wa nyambizi. Walitoka bandari ya Kiel tarehe 18 Januari 1944.

Eck aliondoka akiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Nyambizi nne za aina ile ile zilikuwa zimemtangulia: U-847, U-848, U-849 na U-850. Zote nne zilizamishwa na ndege kati ya Agosti na Desemba 1943, kila moja katika safari yake ya kwanza. Wakubwa wake walimwonya: angalia sana ndege, usiache alama yoyote ya kuonyesha ulipopita.

Karibu miezi miwili walisafiri kwa kujificha. Tarehe 13 Machi 1944 walikuwa katika Bahari ya Atlantiki, kusini kidogo ya Ikweta. Hapo wakaona meli moja ya mizigo ikienda peke yake.

MELI YA PELEUS

Meli hiyo iliitwa Peleus. Ilikuwa mali ya Wagiriki, imekodishwa na serikali ya Uingereza. Ilikuwa na watu 35 wa mataifa mbalimbali. Walikuwamo Wagiriki, Waingereza, Wachina na Wamisri. Hawa hawakuwa askari wa kupigana. Walikuwa mabaharia wa kawaida, watu wa kazi.

Usiku ulipoanza kuingia, Eck alitoa topido mbili. Zote zilipiga. Peleus ilizama kwa dakika chache tu. Watu waliopona mshindo ule walibaki majini, wakishika mbao na kupanda kwenye vyelezo vilivyokuwa vikielea.

Nyambizi ikaibuka na kusogea karibu. Watu wawili wa Peleus wakaitwa, wakaulizwa maswali: meli inaitwaje, imetoka wapi, inakwenda wapi. Walijibu. Kisha wakarudishwa kwenye chelezo chao.

Hapo Eck alikuwa na njia mbili. Angeweza kuondoka upesi usiku ule ule, awe mbali sana kabla ya jua kuchomoza. Au angeweza kubaki afute alama. Akachagua kubaki. Aliogopa kwamba asubuhi ndege itaona vyelezo na mabaki, ijue kwamba nyambizi imepita hapo, ianze kumtafuta. Akaamuru bunduki za rashasha ziletwe juu, zile ambazo wazee waliopigana vita waliziita bombomu. Akaamuru vyelezo vipigwe mpaka vizame.

Juu ya vyelezo kulikuwa na watu.

Fundi mkuu wa mitambo, Hans Lenz, alimwambia nahodha kwamba yeye hakubaliani na amri ile. Nahodha hakumsikiliza. Bunduki zikapigwa gizani. Mabomu ya mkono yakatupwa. Muda wa saa tano hivi nyambizi ilizunguka pale pale, huku ikipiga. Hata hivyo vyelezo vingi havikuzama. Mwisho Eck alikata tamaa, akaondoka.

Ndani ya nyambizi mabaharia walikuwa wanyonge. Wengi hawakufurahia kazi ile. Nahodha alipoona hivyo, alisema nao kwa kipaza sauti. Aliwaambia kwamba wakizidi kuwa na huruma, wakumbuke pia wake na watoto wao kule nyumbani, wanaokufa kwa mabomu ya ndege. Ndugu wasomaji, tuyaangalie vizuri maneno haya. Ni kweli kwamba mabomu yaliua wanawake na watoto wa Ujerumani. Lakini baharia wa Peleus aliyeshika ubao gizani hakuwaua yeye.

Kumbe si wote waliokufa. Watu wanne walikuwa hai bado. Mmoja wao, ofisa wa tatu wa meli, alikuwa na majeraha mabaya, akafa baadaye kwenye chelezo. Watatu walielea kwa zaidi ya mwezi mmoja, jua kali, chakula kidogo, maji kidogo. Tarehe 20 Aprili 1944 meli ya Ureno iitwayo Alexandre Silva iliwaona na kuwaokoa. Watu watatu tu katika 35.

MWISHO WA NYAMBIZI

Wakati huo U-852 ilikuwa imeshaenda mbali. Tarehe 1 Aprili ilizamisha meli ya mizigo ya Waingereza, Dahomian, karibu na Cape Town. Halafu ikazunguka kusini ya Afrika na kuingia Bahari ya Hindi, ikapanda kaskazini mpaka usawa wa pwani ya Somalia.

Asubuhi ya tarehe 2 Mei 1944 ilikuwa juu ya maji. Ndege ya Waingereza ya aina ya Wellington, iliyotoka Aden, ikaiona. Rubani akashuka na kudondosha mabomu ya kulipukia majini. Nyambizi ilizama kukimbia, lakini ilikuwa imeumia. Haikuweza tena kukaa chini ya maji. Ikaibuka, ikapigana kwa mizinga yake huku ndege nyingine zikija moja baada ya moja.

Eck aliona kwamba hakuna njia ya kurudi kwao. Akaelekea nchi kavu. Tarehe 3 Mei nyambizi ilikwama pwani, kusini ya Ras Hafun, upande wa Bender Beila. Ras Hafun ndiyo ncha ya bara la Afrika iliyo mashariki kuliko zote. Mabaharia walitega baruti ili kuivunja nyambizi isiangukie mikononi mwa adui, lakini haikuvunjika yote. Watu 7 walikufa. Wengine 59 walitoka wakiwa hai. Walikamatwa na askari wa majini wa Uingereza pamoja na askari wa kikosi cha ngamia cha Somaliland.

Waingereza wakaingia ndani ya nyambizi na kupekua. Walikuta chombo cha ajabu: tiara kubwa lenye mapanga yanayozunguka kwa upepo. Tiara hilo lilifungwa kwa kamba nyuma ya nyambizi, na baharia mmoja alipaa nalo ili aone meli zilizo mbali.

Lakini kitu kikubwa zaidi kilikuwa kidogo tu. Lilikuwa daftari la safari. Eck hakuliteketeza. Lilionyesha kwamba nyambizi hii ndiyo iliyoizamisha Peleus. Sasa iliwezekana kuweka pamoja maneno ya pande mbili: daftari la nyambizi, na habari za wale watatu waliookolewa na Wareno.

KESI YA HAMBURG

Vita vilipokwisha, kesi ilisikilizwa katika mji wa Hamburg, kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945. Ilikuwa mahakama ya kijeshi ya Waingereza, na maofisa wa Ugiriki walikaa pia kama waamuzi. Washtakiwa walikuwa watano: Eck mwenyewe, ofisa August Hoffmann, daktari Walter Weisspfennig, fundi Hans Lenz na baharia Wolfgang Schwender.

Wale watu watatu wa Peleus hawakufika mahakamani. Lakini maelezo yao yalikuwa yameandikwa na wameyaapia. Yalisomwa mbele ya mahakama. Mabaharia wengine wa nyambizi ile ile nao walitoa ushahidi.

Eck hakusingizia mkubwa yeyote. Alisema uamuzi ulikuwa wake. Alisema alikusudia kuzamisha vyelezo ili kuokoa nyambizi yake na watu wake, wala hakufanya kwa chuki. Lakini alijua kwamba vyelezo vikizama, watu waliokuwa juu yake watakufa. Pia aliulizwa juu ya mafuta. Meli ikizama, mafuta yake huenea juu ya maji, na mafuta hayazamishwi kwa bunduki. Kwa hiyo alama ingebaki vyovyote vile. Na kama aliogopa ndege, kwa nini alikaa pale saa tano badala ya kuondoka upesi?

Wale wanne walijitetea kwa njia nyingine. Walisema: tuliamriwa. Baharia Schwender alikuwa mtu wa cheo cha chini, na bunduki yake ilikwama baada ya kupiga kidogo. Lenz, yule yule aliyemwambia nahodha kwamba hakubali, baadaye alikwenda akaichukua bunduki ile, akapiga mwenyewe. Daktari Weisspfennig naye alipiga, ingawa kazi ya daktari ni kuponya.

Mahakama iliona kwamba amri ile ilikuwa ovu waziwazi. Haikuhitaji mtu awe mwanasheria ili ajue kwamba kuwapiga risasi watu wanaoelea, wasio na silaha, ni kosa. Na jambo hili halikuwa jipya. Mwaka 1918 nyambizi ya Kijerumani U-86 iliizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle, ikazipiga mashua za watu waliopona. Mwaka 1921 mahakama ya Wajerumani wenyewe katika mji wa Leipzig iliwatia hatiani maofisa wawili, ingawa walisema waliamriwa.

Wote watano walionekana wana hatia. Eck, Hoffmann na Weisspfennig walihukumiwa kifo, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alifungwa maisha. Schwender alifungwa miaka 15. Hawa wawili waliachiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

JE, NJIA NYINGINE ILIKUWEPO?

Ilikuwepo. Mwezi wa Septemba 1942 nahodha mwingine wa Kijerumani, Werner Hartenstein wa nyambizi U-156, aliizamisha meli ya Waingereza iitwayo Laconia. Alipoona watu wengi majini, aliwaokoa mamia, akatandika bendera ya msalaba mwekundu, akaomba msaada kwa redio hata kwa adui zake. Ndege ya Marekani ikaja ikampiga kwa mabomu huku watu wako juu ya nyambizi. Baada ya hapo mkuu wa nyambizi za Kijerumani, Karl Dönitz, alikataza manahodha wake kuokoa watu. Amri hiyo ilikuwa ngumu, lakini hata hiyo haikumlazimisha Eck kubaki na kupiga vyelezo. Kutookoa ni jambo moja. Kuua ni jambo jingine.

Tuseme kweli pia kwamba si upande mmoja tu uliokosa. Mwezi wa Januari 1943 nyambizi ya Marekani, Wahoo, iliwapiga risasi watu wa meli ya Kijapani waliokuwa majini. Hakuna aliyeshtakiwa kwa jambo hilo. Washindi hawakujishtaki wenyewe. Hilo haliondoi hatia ya Eck, lakini linatukumbusha kwamba sheria ni nzuri ikiwa inamkamata kila mtu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Ni kweli. Lakini mjumbe ni yule anayebeba maneno. Anayebeba rungu akampiga mwenziwe, huyo si mjumbe tena. Mkubwa akikutuma uchome nyumba ya jirani, au umpige mtu asiye na kosa, au utie dole gumba kwenye karatasi ya uongo, mkono utakaofanya kazi hiyo ni wako. Mkubwa ana hatia yake, na wewe una yako. Lenz aliijua haki, akaisema kwa mdomo, kisha mkono wake ukafanya kinyume. Kusema peke yake hakukumwokoa.

Jambo la pili ni maandishi. Bahari ni kubwa, na usiku ule haukuwa na mashahidi wengine. Eck alitaka kufuta kila alama. Lakini mistari michache katika daftari, na karatasi za maelezo ya watu watatu, zilifika mahakamani hata wenyewe hawakuwepo. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani tuikumbuke nguvu hiyo. Likitokea jambo kijijini, zuri au baya, tuliandike: siku gani, mahali gani, nani alikuwepo. Maneno ya mdomo hubadilika, na watu husahau. Lililoandikwa linaweza kungoja mpaka siku ya kusomwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini nyambizi za wakati ule zililazimika kuibuka juu ya maji?

2. Nahodha Eck alikuwa na njia gani mbili usiku ule? Wewe ungechagua ipi, na kwa nini?

3. Lenz alimwambia nahodha kwamba hakubali, lakini baadaye akapiga bunduki. Je, alistahili adhabu sawa na baharia Schwender?

4. Toeni mfano wa amri ambayo mtu anapaswa kuikataa, hata kama imetoka kwa mkubwa wake.

5. Andika mistari mitano juu ya jambo moja lililotokea kijijini kwako mwezi huu. Taja siku, mahali na watu waliokuwepo. Kisha msomee mwenzako, akuambie kama ameelewa.